Mgomba wa Morgan

Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mama wa kanisa, muuza mahamri, kusimama kichwa chini miguu juu! Haya, cheka. Cheka umalize, nitakungoja. Majirani zangu wa Mwakirunge walicheka kabla yako, na wengine walifika mpaka kwa mchungaji kumwambia kwamba Kache wa Kombe ameingia dini ya watu. Nami niliwajibu vile ninavyokujibu wewe: mgongo ni wangu, shingo ni yangu, na ukuta ninaouegemea ni wa nyumba yangu.

Ila ninayotaka kukueleza si ya kucheka. Ni ya mwanangu, na ya ubaya niliomfanyia mimi mamake huku nikijua.

Nilizaa mara moja tu. Mtoto huyo ni Morgan, kijana mrefu, mpole, mpenda kula, aliyekuwa akiniita "Kache" mbele za watu ili anitie haya, halafu "mama" tukiwa wawili. Alipofika miaka ishirini na mitatu alipata kazi melini, ya kupaka rangi na kufunga kamba, meli ya mizigo ya kwenda Oman na kurudi. Safari ya nne hakurudi. Wakala aliyempatia kazi alimpigia simu baba yake akasema Morgan alionekana akila chakula cha jioni, na asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Maneno hayo tu, kwa simu, nami nimetega sikio kando ya Kombe, na nyuma yake nasikia mtu anacheka na mwenzake ofisini.

Tulingoja mwaka mzima na miezi mitatu. Mwili haukupatikana. Kwa kina Kombe, mume wangu, mtu akipotea namna hiyo hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, maana asiye na kaburi hana pa kutulia. Mchungaji Dishon alinung'unika kidogo, kisha akakubali kuja kuomba. Basi Februari ya mwaka jana Kombe alikata mgomba nyuma ya nyumba, akaupima kwa kamba mpaka ukalingana na kimo cha Morgan. Mimi ndiye niliyeuvisha. Niliupaka mafuta, nikauvika shati lake la buluu, nikauviringa kwa shuka nyeupe kisha kwa mkeka, na upande wa kichwa nikaufunga kwa leso yangu mwenyewe. Upande wa majani ndio kichwa. Upande wa shina ndio miguu, maana mgomba husimama kwa shina lake. Wanaume wakaubeba wakaupeleka mwisho wa shamba letu, penye mkorosho. Ardhi yetu ni mwamba mtupu, haichimbiki, na shimo lilikuwa la futi tatu tu.

Tangu siku ile mwili wangu ulinigeuka. Mgongo ulikaza. Miguu ilivimba mpaka ndara zikaacha alama. Kichwa nilikisikia kizito, kama nimejitwika debe la maji na hakuna wa kunitua. Usingizi ndio usiseme. Nilikuwa naamka saa tisa za alfajiri kuumua unga wa mahamri ya kuwauzia watu wa timbo, wale wanaokata mawe ya kujengea, na saa hiyo ilinikuta macho makavu, sijalala hata lepe. Nikawa nasema ni uzee. Kombe, ambaye ni fundi wa mashine ya kukatia mawe na hana maneno mengi, akaniambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda zahanati."

Nikaenda. Ndiko nilikomkuta Wanjiru.

Wanjiru ni mtoto wa Nairobi, daktari wa viungo, mwembamba, mwenye rasta fupi. Kiswahili chake kinakimbia kama kinafukuzwa, lakini shikamoo alikuwa ameshajifunza na aliitoa vizuri. Alinipima presha, akaniangalia macho kwa tochi, akanibonyeza uti wa mgongo pingili moja moja.

"Mama Morgan, presha yako iko poa, macho pia yako sawa," akasema. "Lakini mgongo umejam kabisa. Dawa za maumivu ninaweza kukupa, ila utazimeza hadi lini? Jumamosi kuja kwa darasa langu."

"Darasa la nini?"

"Yoga."

"Mwanangu, mimi ni wa kanisa."

"Na mimi pia ni wa kanisa," akajibu. "Ni mwili tu, mathe. Mungu ndiye aliutengeneza, si atafurahi ukiunyoosha?"

Nilikwenda kwa kumtii Kombe, na kwa udadisi. Darasa lilikuwa katika ukumbi wa shule ya chekechea, wanawake tisa, wengi wetu na mikeka ya kulalia. Tulianza na kulala chali, miguu tumeiegemeza ukutani. Dakika kumi basi. Nakwambia kweli, jioni ile ndara zilinienea. Wanjiru alieleza kwamba siku nzima damu na maji ya mwili huteremka miguuni, na moyo unafanya kazi ya kuyapandisha; ukiinua miguu unausaidia moyo, mgongo unapumzika na uzito wako, na kichwa kinatulia. "Dunia imekukalia kwa mabega," akasema. "Ukijipindua, inabidi iteremke kidogo."

Baada ya wiki mbili nikalala usiku mmoja mzima. Nilipoamka nililia kwa furaha, na mahamri siku hiyo yakachelewa, na watu wa timbo wakanitukana wee mpaka wakachoka.

Kusimama kwa kichwa kulikuja Agosti. Wanjiru hakutaka kunifundisha mapema. Anasema wengi huvunjika shingo kwa haraka. Lakini aliponishika kisogo alishangaa. "Hii shingo umeitoa wapi?" Nikamwambia, shingo hii imebeba madebe ya maji tangu nikiwa na miaka saba, imebeba kuni, imebeba mawe ya kujengea nyumba ninayolala. Nilichukua leso nikaiviringa kata, ile ya kujitwikia mtungi, nikaiweka chini, nikatia utosi juu yake, viganja nyuma ya kisogo, na viwiko vikauma sakafu. Miguu ikapanda. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Pumzi ishirini, halafu unashuka," Wanjiru aliamuru. "Ukizoea, dakika tatu. Tano ikizidi. Na ukishuka, usiruke juu. Piga magoti, laza paji la uso chini, acha damu irudi kwao polepole. Unasikia, Mama Morgan? Kupanda si kazi. Kazi ni kujua kushuka."

Nyumbani nilichagua chumba cha Morgan, maana ndicho chenye ukuta usio na kabati wala meza. Ilikuwa Jumanne ya Septemba, saa tisa mchana, jua linawaka, kuku wanachakura nje, na kwa mbali naisikia mashine ya Kombe ikilia timboni. Nikavaa suruali ya mpira ya Morgan, kwa sababu mama mzima huwezi kupindua gauni. Nikapanda.

Ukiwa kichwa chini chumba hugeuka. Dari inakuwa sakafu. Balbu inasimama kwa waya wake kama uyoga. Kitanda kinaning'inia juu, na unajiuliza mbona hakianguki. Nilikuwa nahesabu pumzi. Nilipofika ya tisa, Morgan alikuwa amesimama mbele yangu.

Nyayo zake zilikuwa zimekanyaga dari, kando ya balbu. Dari ya nyumba yetu ni ya chini, na yeye ni mrefu. Mtu aliyesimama kwa miguu yake angesema kijana ananing'inia kichwa chini. Lakini mimi nilikuwa nimepinduka, na kwangu alikuwa amesimama wima, sawasawa, kama alivyokuwa akisimama mlangoni akiuliza kuna nini chunguni. Alikuwa na shati lake la buluu. Mikono ameiinua juu ya kichwa. Uso ni ule ule, na kovu la nyusi ni lile lile. Ananiangalia.

Nilianguka vibaya nikajigonga bega kwenye kitanda. Niliposimama chumba kilikuwa kitupu. Nikatazama juu, ni mbao na balbu. Nikatoka nje mbio nikakaa na kuku mpaka Kombe akarudi, na alipouliza nina nini nikamwambia nimeteleza.

Sasa utaniambia ilikuwa damu kichwani. Nami nilijiambia hivyo hivyo. Kesho yake saa tisa nikapanda tena, na alikuwapo. Kesho kutwa, alikuwapo. Siku ya nne nikaacha kuogopa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mwenzangu, na ninayekwambia haya ni mzazi aliyekuwa ameambiwa kwa simu kwamba kitanda ni kitupu. Je, wewe ungeacha kupanda?

Nilizungumza naye nikiwa kule juu, kwa sauti ndogo, pumzi zikinikatika. Nilimwambia habari za baba yake, za mbuzi aliyezaa mapacha, za bei ya unga. Yeye midomo ilikuwa inacheza lakini sikusikia kitu, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanapiga ngoma ya damu. Ile mikono yake iliyoinuka nilidhani ananishangilia. Nikawa nacheka naye. Dakika tatu zikawa tano, tano zikawa saba.

Mwili wangu ukanawiri. Miguu haikuvimba tena. Mgongo ulinyooka, nikawa naumua unga huku naimba. Wanawake wa kanisa wale wale walionisengenya walianza kuniuliza napaka mafuta gani usoni. Wanjiru akanisimamisha mbele ya darasa akasema, "Muone Mama Morgan, hii ndiyo faida." Nikainama kwa haya, na moyoni nilikuwa na furaha ya mwizi.

Maana kwa nini mwanangu alikuwa kichwa chini, hilo nililijua tangu siku ile ya pili. Ngoja nikwambie, nisikufiche. Siku ya mazishi wanaume walipoubeba ule mgomba walizungukazunguka nao mlangoni, mlango ni mwembamba, wakautoa mara hivi mara hivi. Mtu ukimviringa bado ana mabega, ana visigino, utajua pa kumshika. Mgomba uliokatwa huku na huku hauna uso. Walipoushusha shimoni, mchungaji alikuwa amesema kichwa kiwe magharibi, ili siku ya ufufuo Morgan ainuke akiangalia mashariki. Nami nilisimama na wanawake, nikaiona leso yangu, lile fundo nililolifunga kwa mkono wangu, linaingia upande wa mashariki. Upande wa miguu.

Niliona, na nikanyamaza. Mchungaji alikuwa katikati ya sala. Babu, amiye Kombe, mkali kama pilipili, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona haya kupiga kelele mbele za watu kwa sababu ya mgomba. Nikasema moyoni, mgomba ni mgomba, Mungu anajua. Udongo ukaingia.

Basi nilijua. Na nilijua pia dawa yake: kuchimba futi tatu, kuugeuza, kufukia. Kazi ya mchana mmoja. Lakini mwanangu akigeuzwa akatulia, atakuja tena chumbani? Nitamwona wapi? Nikajiambia, acha akae kidogo. Hana neno. Si anacheka?

Ikafika Januari. Nikaanza kuona uso wake unabadilika. Ulikuwa umejaa. Kope zimevimba, mboni zimezungukwa na wekundu, na mshipa wa paji la uso umesimama kama kamba. Shati lilikuwa limemwishia kwapani, tumbo liko wazi, na hapo ndipo nilipoelewa habari ya ile mikono, Mungu anisamehe. Hakuwa ameiinua. Ilikuwa inaning'inia. Mtu akitundikwa miguu juu mikono huteremka yenyewe, na yake ilikuwa inateremka kuelekea sakafu yetu, vidole karibu viniguse uso.

Jumamosi nilimuuliza Wanjiru, nikajifanya ni maswali tu ya mwanafunzi. "Mtu akikaa juu asishuke, inakuwaje?"

"Kwa muda gani?"

"Muda mrefu."

Alidhani namtania. "Hakuna anayeweza, mathe. Mwili wenyewe unalia. Kichwa kinauma, macho yanaona kama yatatoka, pua inaziba, unashindwa kupumua. Hii kitu ni tamu kwa sababu unashuka. Usiposhuka ni mateso."

Nilirudi nyumbani nikihesabu kwa vidole. Februari hadi Januari. Mimi dakika saba zikiisha napiga magoti, nalaza paji la uso kwenye kata, napumua, najisikia mtu mpya. Yeye mwaka mzima hajashushwa.

Je, nilikwenda kumwambia Kombe siku hiyo? Sikwenda. Natamani nikudanganye. Nilisema nimwone wiki moja zaidi, na wiki ikawa mwezi. Februari ikapita, Machi ikaisha, nami nimekuwa hodari wa kupumua, pumzi inaingia taratibu na kutoka taratibu mpaka ile ngoma ya masikio ikatulia. Siku hiyo ilipotulia kabisa nikamsikia kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua mazito.

"Mama, nishushe. Kichwa kinaniuma."

Nilishuka bila utaratibu nikatoka na kufunga mlango. Siku tatu sikuingia chumba kile. Usiku nililala fofofo, ndiyo aibu yenyewe hiyo, mwili ulikuwa umepona kabisa. Siku ya nne kiu ya kumwona ikanizidi, nikapanda. Alikuwa amefumba macho, midomo imekaza, na kitu kikidondoka. Niliposhuka nikaona kwenye saruji, mbele ya kata yangu, matone mawili ya maji. Mvua hakuna. Bati letu halivuji. Nikagusa kwa kidole nikaonja, ni chumvi.

Hapo niliweka kichwa sakafuni nikalia kama mtoto, na Kombe akanikuta hivyo hivyo, amerudi mapema kwa sababu mashine imekata mkanda.

Nilimwambia yote. Nilitarajia atanipiga, ingawa hajawahi, au atamwita mchungaji aniombee. Alisimama na vumbi jeupe la mawe kichwani mpaka kwenye kope, akanisikiliza. Kisha akavua viatu.

"Nipandishe," akasema.

"Kombe, wewe una kilo tisini. Goti lako—"

"Kache. Nipandishe nimwone mtoto wangu."

Basi kichekesho gani tena? Mwanamume mzito wa miaka sitini, kifua wazi, utosi kwenye kata ya leso, na mimi nimemshika mapaja namsukuma kwa bega, tunahema, tunaanguka, tunajaribu tena. Mara ya tatu nyayo zake zikagonga ukuta zikatulia. Nikamkumbatia magoti ili asianguke. Mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, kwa hiyo sikuona kitu chumbani isipokuwa mume wangu. Niliona uso wake unajaa damu. Niliona macho yake yanakwenda huku na huku, kisha yanasimama mahali pamoja, hewani, usawa wa kiuno changu. Akafungua kinywa.

"Morgan," akasema. "Baba. Umekuwaje baba?"

Machozi yakamtoka yakapita kwenye nyusi, yakaingia kwenye nywele. Akatoa mkono mmoja akataka kushika kitu, mwili wote ukayumba, na ikabidi nimwachie ateremke. Hakufika dakika moja. Alikaa sakafuni ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kichwa kinataka kupasuka," akasema. "Kwa kitambo kile tu. Yeye ana muda gani pale?"

"Miezi kumi na minne."

"Na wewe ulimwona lini mara ya kwanza?"

Ningeweza kusema jana. Mungu alikuwa anaona, lakini Kombe asingejua. "Septemba," nikasema.

Alivaa viatu, akachukua jembe na mtaimbo, akatoka. Nikamfuata.

Ilikuwa saa kumi, jua bado lina nguvu. Alichimba peke yake. Nilipotaka kushika jembe alilivuta, wala hakuniangalia. Udongo wetu ni mawe mawe, kila pigo cheche. Nilikuwa nimejiandaa kwa uozo, maana mgomba wa miezi kumi na minne unapaswa uwe tope na nyuzi. Mkeka ulikuwa umeoza kweli, na shuka imekuwa mabaki. Lakini mgomba wenyewe ulikuwa mbichi. Mweupe, mzima, unatoa maji mtaimbo ulipougusa, kana kwamba umekatwa asubuhi ile. Shati la buluu lilikuwa limejikunja lote upande wa majani. Na leso yangu ilikuwa pale, upande wa mashariki, fundo halijalegea.

Kombe alilitazama lile fundo. "Hili ulifunga kichwani?"

"Ndiyo."

"Na siku ile ulikuwa umesimama hapo, na wanawake. Uliliona?"

"Niliona."

Aliinama akaupandisha mgomba kifuani, kama alivyokuwa akimbeba Morgan alipokuwa mdogo na amelala kwenye mkeka wa wageni. Akazunguka nao ndani ya shimo hatua ndogo ndogo, goti lake linamuuma, nikiona linamuuma, mpaka fundo likaelekea magharibi. Akalinyoosha shati. Akaulaza. Hakuna mchungaji, hakuna Babu, hakuna wimbo. Alifukia kwa mikono mwanzo, kisha kwa jembe.

Tulirudi nyumbani. Alipofika ukumbini alikaa kwenye kiti, mikono imejaa udongo, akasema, "Nenda uangalie kama ameshuka."

Nilivaa ile suruali. Nikaweka kata chini. Mara mbili nikashindwa kupanda, ya tatu miguu ikafika ukutani. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Moja. Mbili. Chumba kikageuka, kitanda kikaning'inia, balbu ikasimama. Darini hapakuwa na mtu.

Kisha nikaiona miguu. Ilikuwa kwenye sakafu yetu, sakafu ya kweli, mbele ya uso wangu kabisa, karibu hivi ningeweza kuibusu. Nyayo zimekanyaga saruji zote mbili, imara, vidole vimetanuka kama mtu aliyetua mzigo. Nikamtambua kwa kidole gumba chake cha kushoto, kilichopinda tangu azaliwe. Nikapandisha macho, kwangu ni kuyateremsha, nikaona magoti, nikaona pindo la shati la buluu, limekaa mahali pake. Zaidi ya hapo sikuweza. Mtu akiwa kichwa chini karibu hivyo na mtu aliyesimama, uso wa huyo aliyesimama hauoni, labda ainame mwenyewe.

"Morgan," nikasema. "Inama kidogo, mwanangu. Inama nikuone."

Alisimama. Nilihesabu pumzi nne. Alinisikia, nina hakika alinisikia, kwa sababu vidole vya mguu vilijikunja kidogo. Halafu miguu ikageuka. Visigino vikanipa mgongo, vikatembea, hatua ya kwanza, ya pili, polepole, kama mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi na sasa inaamka. Vikavuka kizingiti.

Nilishuka. Sikulaza paji la uso, sikungoja damu irudi. Kombe alikuwa mlangoni.

"Yuko?"

"Ameshuka. Ameenda."

"Umemwona uso?"

"Hapana."

"Hakuinama?"

"Nilimwomba," nikasema. "Hakuinama."

Kombe alitoka nje kunawa ule udongo mikononi. Hakunifariji, na sikumlaumu. Mwezi wa tisa mpaka wa nne, miezi saba mtoto ananiambia nimshushe, na mimi namhadithia bei ya unga. Ningekuwa Morgan, nami nisingeinama.